Mkono wa Kushoto

Mwalimu Sekela Kibona alikuwa amebakiza dakika arobaini za kazi yake, na alizitumia kugawa chapati.

Nyuma ya darasa la tatu A la Shule ya Msingi Ilolwe, kwenye kiti cha mtoto kilichomlazimu kukunja magoti hadi karibu na kidevu, aliketi Bi Atuganile Mwaipaja, mthibiti ubora wa shule kutoka makao ya mkoa, kishikwambi kikiwa mapajani. Nje ilinyesha ile mvua ya Ilolwe isiyo na haraka, inayoanza Novemba na kusahau kuondoka. Darini, juu kidogo ya ubao, kilibandikwa kitu cheupe mfano wa bakuli lililofunikwa. Kwenye nyaraka za serikali jina lake lilikuwa Kipimo cha Taifa cha Ufundishaji. Walimu walikiita Mama Mkwe, kwa sababu kilikaa pembeni, kiliona kila kitu, na hakikuwahi kusema asante.

Kila siku saa tisa alasiri Mama Mkwe alitoa alama. Kijani, umefanya vizuri. Njano, jiangalie. Nyekundu, shauri yako. Mihula mitatu ya nyekundu mfululizo na ajira ilikoma yenyewe: barua ilijiandika, jina likafutika kwenye orodha ya walimu, na hapakuwa na shule nchini, ya serikali wala ya binafsi, iliyoruhusiwa kukupokea tena. Jambo moja tu sheria ilimbakizia binadamu. Mthibiti mmoja aingie darasani, akae kipindi kizima, kisha abonyeze kidole gumba kukubali.

Katika miaka kumi na moja Atuganile alikuwa amebonyeza mara mia mbili na kumi na sita. Hakuwahi kukataa. Anayekataa alitakiwa kwenda mbele ya Baraza la Ajira za Walimu na kuthibitisha kwamba Kipimo kimekosea, na akishindwa, anafungasha virago pamoja na huyo aliyemtetea. Hakuna mthibiti aliyewahi kujaribu. Si kwamba walikuwa waoga wote. Wengi waliamini kwa dhati kwamba Mama Mkwe hakosei, na Atuganile alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya waumini.

"Haya," Sekela alisema, akifuta mikono yake kwenye sketi. "Nani hajui kipi kikubwa, theluthi au robo?"

Atuganile alidhani amesikia vibaya. Mwalimu huuliza nani anajua. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kupanda, mingi, bila aibu yoyote, na watoto wawili walikuwa wamesimama kabisa ili kutokujua kwao kuonekane vizuri.

"Wewe Tumpe, hujui?"

"Sijui, mwalimu," alisema msichana mdogo mwenye sweta lililorefuka mikono. "Ila nadhani robo."

"Kwa nini robo?"

"Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu."

Bakuli la darini likawaka nukta nyekundu. Nusu ya darasa ilimuunga mkono Tumpe, nusu ilimpinga, na mtoto mmoja nyuma alidai vyote ni sawa kwa kuwa vyote ni chapati. Sekela alikunja mikono kifuani akanyamaza. Aliwaacha wabishane. Kwenye kishikwambi cha Atuganile maandishi yalijipanga yenyewe: Makosa ya wanafunzi, kumi na manne. Ukimya wa mwalimu, dakika tatu. Nidhamu ya sauti, hafifu.

Hatimaye Sekela alichukua chapati mbili zilizolingana. Moja akaikata vipande vitatu, nyingine vinne. Kipande cha theluthi akampa jirani wa Tumpe. Cha robo akampa Tumpe.

"Mwalimu, umenipunja!"

"Nimekupunjaje? Si umechagua mwenyewe robo kwa kuwa ni kubwa?"

Tumpe alikiangalia kipande chake. Akakiangalia cha jirani. Darasa zima lilimtazama, na hata kutoka kule nyuma Atuganile aliona jambo likifika usoni mwa yule mtoto, kwanza machoni, kisha mdomoni.

"Aaa! Watu wakiwa wengi, kipande kinapungua!"

Darasa lililipuka kwa kicheko, na Atuganile akajikuta anacheka nao, kwa sauti, mkono mdomoni, kama aliyesahau amekuja kufanya nini. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kucheka darasani tangu apewe cheo. Kisha kengele ikalia na kishikwambi kikatetemeka mapajani. Alama thelathini na moja. Nyekundu.

*

Mwalimu mkuu aliwaachia ofisi ya walimu akijifanya ana shughuli uwanjani, kwenye mvua. Mezani palikuwa na chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu. Sekela alimimina chai vikombe viwili, akasukuma kimoja mbele ya mgeni wake kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu. Unywe kwanza, halafu ubonyeze. Wala usione haya. Najua si wewe."

"Umeniita mwalimu. Miaka mingi sijaitwa hivyo."

"Nikuiteje sasa? Ulinifundisha darasa la tatu, kule shule ya Mpombwe." Sekela alitabasamu. "Siku ile ya kurekodi nilikaa karibu na dirisha. Safu ya tatu."

Kikombe cha Atuganile kiliishia hewani.

Hakukuwa na mwalimu nchini asiyeijua siku hiyo. Miaka ishirini na minane iliyopita, mafundi wa Kipimo walizunguka na kamera kukusanya masomo mazuri ili mtambo ujifunze kutoka kwayo ufundishaji bora unafananaje. Walichagua mia tatu. La kwanza, lililoitwa Somo Namba Moja, lilikuwa la binti wa miaka ishirini na minne aliyevaa gauni la samawati, mbele ya watoto arobaini na watano na machungwa manane. Aliuliza maswali kumi na moja. Mikono yote ilipanda kila mara, na majibu yote kumi na moja yalikuwa sahihi. Kila anayesomea ualimu alionyeshwa somo hilo. Atuganile alipewa nishani, akapandishwa cheo, na hajashika chaki tangu hapo.

Ambacho kamera haikuonyesha ni barua. Ilifika wiki moja kabla, yenye muhuri, na iliandikwa kwa unyenyekevu mkubwa: Tafadhali fundisheni kama siku zote. Nani mwenye akili timamu angefundisha kama siku zote mbele ya wageni? Sakafu ilisuguliwa kwa majani. Watoto wenye sare zilizochanika walitumwa kuni. Somo lilirudiwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, hadi machungwa yakalegea. Na Atuganile akawapa watoto utaratibu ambao yeye mwenyewe aliukuta utotoni, na mwalimu wake naye aliukuta: anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Wote nyoosheni, wageni wafurahi.

"Mimi nilikuwa wa kushoto," Sekela alisema. Hakusema kwa uchungu, alisema kama anayetaja kijiji alikozaliwa. "Maswali yote kumi na moja. Ulikuwa unaniangalia, unatabasamu, halafu unapita. Sikukuchukia hata kidogo. Nilikuwa na miaka tisa, nikafikiri ndivyo shule ilivyo. Ukiwa hujui, kazi yako ni kupendezesha darasa."

"Sekela..."

"Subiri, mwalimu, nimalize. Nilipopata darasa langu nikasema, mimi nitaanza na hao. Wanaojua watajijua wenyewe." Aliinua mabega. "Sasa huyo Mama Mkwe hapendi. Akiona mtoto amekosea, anahesabu. Akiona nimenyamaza ili mtoto afikiri, anahesabu. Mwaka mzima nimejaribu kumpendeza, nimeshindwa. Nikimpendeza yeye, Tumpe hajui robo ni nini."

"Kwa nini hukumwambia mtu yeyote habari ya ile siku?"

"Ningemwambia nani? Na ningeanzaje, bila kukuharibia wewe?"

Atuganile alikitazama kishikwambi. Alama nyekundu ilikuwa pale, na chini yake duara la kidole gumba likipumua taratibu. Aliona aibu, aibu ya moto iliyompanda shingoni hadi masikioni. Wale mia mbili na kumi na sita walipita kichwani mwake mmoja mmoja, nyuso alizozisahau makusudi. Mtambo ule ulijifunza kutazama kupitia kwake. Yeye ndiye aliyeufundisha kwamba darasa zuri ni lile lisilo na mtoto asiyejua.

Lakini alimkumbuka pia kaka yake, Ambakisye. Alisomea ualimu, akafaulu vizuri, kisha akakaa nyumbani miaka mitano akichuma majani ya chai, kwa kuwa nafasi zilikwenda kwa wapwa wa wakubwa na mashemeji wa wakaguzi. Zama hizo mkaguzi alipokelewa kwa jogoo, na ripoti yake ilitegemea ukubwa wa jogoo. Mama Mkwe alipokuja alimaliza mchezo huo kwa siku moja, nafasi zikagawiwa kwa alama tu. Ambakisye alipata darasa wiki ya tatu. Alilia kwa furaha, mwanaume mzima, barabarani. Je, ukimvunjia Mama Mkwe heshima, nani atawazuia wale wajomba wasirudi?

Alikaa hadi chai ikapoa. Sekela hakumharakisha. Mwisho Atuganile alipeleka kidole, kikapita juu ya duara, kikashuka hadi kwenye neno dogo la pembeni ambalo hakuwahi kuligusa: NAPINGA.

Una uhakika? kishikwambi kiliuliza. Akabonyeza. Una uhakika? Akabonyeza. Kiliuliza mara ya tatu.

"Nina uhakika, hebu niondolee maswali!" alifoka, na Sekela, aliyekuwa amejikaza mchana kutwa, akafunika uso kwa mikono akaanza kulia.

*

Siku ya tisa tangu apinge, saa mbili asubuhi, kwenye korido ya ukumbi wa Baraza, Atuganile alimkuta Injinia Nasra Kombo amekaa peke yake na mkoba wake. Nasra alikuwa mtu wa Pemba, mwembamba, mwenye miwani mikubwa, na ndiye aliyekuwa mlezi mkuu wa Kipimo tangu waasisi wake walipostaafu. Alikuja kuutetea mtambo.

"Bi Atuganile, karibu ukae," alisema. "Nakuheshimu sana, nawe wajua. Nilijifunza kazi hii kwa kulitazama somo lako. Sasa n'ambie, umeona nini humo cha kutufikisha hapa?"

"Nieleze kwanza kitu kimoja, mwanangu. Mtambo huu nani aliuambia darasa zuri ni lipi?"

"Hakuna aliyeuambia. Ndiyo fahari yetu hiyo. Ulipewa masomo mia tatu, ukatafuta wenyewe yanafanana kwa lipi. Ukakuta mikono juu, majibu sahihi, mwalimu asiyenyamaza zaidi ya sekunde tisa. Tangu hapo wamlinganisha kila mwalimu na hayo. Haujui kabila la mtu wala baba yake ni nani."

"Najua. Ndiyo maana kaka yangu ana kazi."

"Basi yakhe, mbona wataka kuubomoa? Watu wakikosa imani nao leo, kesho asubuhi wale wa jogoo wako mlangoni."

Swali lilikuwa lilelile lililomnyima usingizi siku nane, na Atuganile akalijibu kwa ukweli. "Nami naogopa hivyo hivyo. Lakini nikinyamaza nitakuwa nawafukuza watu kwa uongo wangu mwenyewe, na nitaendelea kuwafukuza hata nikishakufa." Akashusha sauti. "Hivi, unaweza kuuambia mtambo uyarudie yale masomo mia tatu, uhesabu mikono? Mkono upi ulinyooshwa, na nani alichaguliwa?"

"Waweza kuhesabu hata kope."

"Nitakuomba ufanye hivyo mbele ya watu. Unaweza kukataa, ni haki yako."

Nasra alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Hakuwa mjinga. Alikwisha kunusa kwamba jambo linalokuja si dogo. "Na jawabu likinitia aibu?"

"Litaniaibisha mimi kwanza."

*

Ukumbi ulijaa. Walimu walitoka wilaya saba, wengine wakiwa na vumbi la chaki mabegani, na wale wasioweza kuja walifuatilia kwenye vishikwambi shuleni kwao, vipindi vikiwa vimesimama nchi nzima bila mtu kutoa amri. Mwenyekiti, Bwana Luhende Shija, alikuwa mzee wa mwili mkubwa na maneno machache. Sekela alikaa mstari wa mbele, mikono magotini. Akishindwa leo, hatasimama tena mbele ya mtoto maisha yake yote.

"Bi Mwaipaja," alisema Bwana Shija, "sheria unaijua. Usituambie mwalimu huyu ni mwema, wema wa mtu si hoja yetu hapa. Tuonyeshe Kipimo kimekosea wapi."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuonyesha Somo Namba Moja."

Minong'ono ikapita ukumbini. Ukutani akatokea binti wa gauni la samawati, mrembo, mwenye sauti kama kengele, na machungwa yake. Nani anajua nusu ya machungwa manane? Mikono arobaini na mitano juu. Watu walitabasamu, walikuwa wanalijua somo hilo kwa moyo.

"Simamisha hapo," Atuganile alisema. "Naomba tuangalie mikono. Huyu, wa kulia. Huyu, wa kulia. Huyu wa dirishani, safu ya tatu, wa kushoto. Nilimchagua?"

"Hukumchagua," alisema Bwana Shija.

"Sikumchagua swali hilo wala mengine kumi. Wako kumi na tisa wa kushoto, sikumchagua hata mmoja, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia asiyejua anyooshe wa kushoto. Tulifanya mazoezi siku nne. Somo lile ni la uongo, Mheshimiwa. Nilipewa nishani kwa uongo, na huu uongo ndio tunaowapimia walimu. Yule mtoto wa dirishani anaitwa Sekela Kibona. Yuko hapa, mmemwita kumfukuza."

Kisha mtu mmoja upande wa mawakili wa serikali akasimama kupinga: hilo ni somo moja kati ya mia tatu, kosa la mtu mmoja, aadhibiwe huyo na mtambo uachwe. Hoja ilikuwa nzuri. Bwana Shija aliitikia kwa kichwa. Atuganile aligeuka kumtazama Nasra.

Injinia Nasra alikuwa tayari amesimama. Vidole vyake vilikuwa juu ya kishikwambi. "Mheshimiwa, naomba idhini niulize Kipimo chenyewe."

"Una hakika, Injinia? Wewe ni shahidi wake."

"Ndiyo maana, Mheshimiwa. Kama ni cha kweli, kitasema kweli hata juu yake."

Akaandika. Mama Mkwe, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuulizwa chochote kuhusu yeye mwenyewe, alichukua sekunde sita. Kisha sauti yake, ile ya upole isiyo ya mwanamke wala mwanaume, ikasikika ukumbini:

"Masomo mia tatu yamekaguliwa. Katika masomo mia mbili sabini na manne, wanafunzi wote waliochaguliwa kujibu walinyoosha mkono wa kulia. Wanafunzi elfu nne na mia sita walionyoosha mkono wa kushoto hawakuchaguliwa kamwe. Mfanano huu hauwezi kuwa wa bahati. Masomo haya hayafai kuwa msingi wa kipimo. Naomba masomo mengine."

Hapo hata yule wakili alikaa chini. Naomba masomo mengine! Mama Mkwe alisema kwa adabu, kama mgeni anayeomba kubadilishiwa sahani, na kuna mwalimu nyuma kabisa ambaye kicheko kilimponyoka. Nasra alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mtambo wake ulikuwa umelishwa vibaya tangu kuzaliwa, lakini haukuwa mwongo.

Bwana Shija alisubiri kelele zipungue. "Mia mbili sabini na manne," alisema polepole. "Kutoka pembe zote za nchi. Mlikubaliana lini?"

"Hatukukubaliana, Mheshimiwa," Atuganile alijibu. "Kila mmoja alidhani ni shule yake tu."

Mzee yule aliugeukia ukumbi. "Walimu mliomo humu. Kama kuna mwingine aliyewahi kuwapanga watoto namna hiyo siku ya wageni, naomba anyooshe mkono. Hakuna atakayeadhibiwa, nataka tu kujua."

Kisha mwalimu mmoja wa kike, mnene, mwenye kitenge cha manjano, aliinuka kwa kishindo karibu na mlango na kunyoosha mkono. Wa kushoto. Akafuata mwingine, na mwingine, halafu safu nzima, halafu wale waliosimama kwenye korido, mikono ya kushoto tupu, na watu wakaanza kucheka na kupiga vigelegele kama harusini. Ukutani, ambapo picha za shule za mbali zilikuwa zikionekana, ofisi za walimu kutoka kila mkoa zilikuwa zimejaa mikono ya kushoto. Waliokuwa wamebeba siri hiyo ndogo kwa aibu, kila mtu na yake, waliitua pamoja.

Atuganile alitazama meza kuu. Bwana Shija alikuwa ameinamisha kichwa akiandika uamuzi wake kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa ameunyoosha juu, bila kumwangalia mtu.

"Nilifundisha miaka sita kabla ya kusomea sheria," alisema. "Tuendelee."

Uamuzi ulisomwa kabla ya saa saba. Mwalimu Sekela Kibona anarudi darasani siku hiyo hiyo. Kila aliyeondolewa kwa alama nyekundu, wale mia mbili na kumi na sita na maelfu wengine wa mikoa mingine, anaitwa upya. Kipimo hakitavunjwa, wala ajira hazitarudi mikononi mwa wajomba. Kitafundishwa upya, kwa masomo ya siku za kawaida, kamera zikiingia bila barua. Na la kwanza litarekodiwa darasa la tatu A, Ilolwe.

"Kuhusu Bi Mwaipaja," Bwana Shija alimalizia, "kudanganya wakati wa kurekodi ni kosa, na kukiri hakulifuti. Anavuliwa cheo cha uthibiti. Achague kati ya kustaafu au kurudi kwenye chaki."

Sekela aliruka kupinga. Atuganile alimshika mkono, akamkalisha.

"Chaki, Mheshimiwa," alisema, na moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba aliogopa ataonekana anatabasamu mbele ya adhabu.

*

Walimpa darasa la tatu B, ukuta mmoja na Sekela. Mwalimu wao wa zamani alikuwa kijani miaka tisa mfululizo, na watoto walikaa wima, wasafi, kimya, kila mmoja amefungua daftari ukurasa uliopaswa. Juu ya ubao Mama Mkwe alikuwa na nukta nyeupe: bado anajifunza. Kutoka ng'ambo ya ukuta zilisikika kelele za darasa A wakibishana kuhusu jambo fulani, na sauti ya Tumpe ilizizidi zote.

Atuganile alishika chaki. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka. Aliandika theluthi, akaandika robo, akageuka.

"Nani hajui kipi ni kikubwa?"

Hakuna aliyesogea. Macho hamsini yalimtazama yakitafuta mtego ulipo. Aliuliza tena, taratibu zaidi, na bado hakuna. Miaka ishirini na minane nyuma angejisikia fahari kwa ukimya huo.

Akaweka chaki chini. Kisha yeye mwenyewe, mbele ya darasa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akanyoosha mkono wa kushoto hadi bega likauma, akasubiri.

Karibu na dirisha, kwenye safu ya tatu, mkono mmoja mdogo ulianza kupanda. Ulifika sikioni, ukasita, ukapanda tena.

"Wewe, mama," Atuganile alisema. "Njoo ubaoni. Tutaanza na wewe."